Ubao Uliosema Kabla ya Masika

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana ingeweza kuwa mwaka jana, palikuwa na mto, na kila ukingo wa mto ulikuwa na mwanamke anayemtazama mwenzake.

Ng'ambo hii alikaa Bi Milembe. Ng'ambo ile alikaa Nyanzobe, binti yake wa pekee, aliyeolewa huko. Kiangazi mto ulifika magotini. Mtu alikunja kanga akavuka. Masika mto ulikuwa mnyama. Mama na mwana walibaki kupungiana mikono tu, kwa sababu sauti haikufika.

Mwaka ule Nyanzobe alibeba mimba yake ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Bi Milembe akafua kanga zake kuukuu, zile zilizolainika, akazikunja, akangoja.

Mwaka huo huo kijiji kikaanza kujenga daraja. Mwenyekiti, Mzee Lugembe, akasimamisha ubao ukingoni: nguzo lini, mbao lini, na chini kabisa, kwa herufi nene, KABLA YA MASIKA MTAPITA. Kujenga akapewa Fundi Shija. Kutunza ratiba akapewa Kabula, msichana aliyesomea kazi hiyo.

Nyanzobe akausoma ubao, akacheka. "Nijiloweshe ya nini? Nitapita juu na tumbo langu, kama bibi harusi!"

Nguzo zikasimama. Mwenyekiti akaja, akazitazama. "Nyembamba. Nataka mkokoteni upite."

"Hamna neno, Mwenyekiti," akajibu Fundi Shija. Hakusema kazi itarudi nyuma kiasi gani. Nguzo zikabomolewa, zikajengwa upya.

Mwenyekiti akaja tena. "Wekeni na kingo za pembeni, wazee washike."

"Hamna neno, Mwenyekiti."

Kabula akapiga hesabu zake, akamfuata fundi. "Fundi, hatuwahi masika. Tubadilishe ubao, watu wajue."

"We binti, usituchurie!" Mafundi wote wakamgeukia. "Uchuro huo! Tukichelewa, umetaka wewe!"

Kabula akaenda zake. Kila asubuhi alipita mbele ya ubao, kopo la rangi mkononi, asiuguse.

Na muda wote huo, mto ulikuwa magotini. Mnanisikia nyie mliokaa nyuma? Magotini.

Masika ikaja. Daraja lilikuwa na pengo katikati. Nyanzobe akajifungulia kwa jirani, na alipopata nguvu akamleta mtoto ukingoni, akamnyanyua. Bi Milembe naye akanyanyua mikono yake, mitupu, akaishikilia hewani mpaka ikachoka. Aliuliza jina kwa ishara. Nyanzobe akalitaja, akalirudia, akalipazia sauti, maji yakalichukua. Basi masika nzima bibi alikaa na mjukuu asiye na jina. Akisonga ugali, alitaja majina ya ukoo wao moja moja, polepole, kama anayejaribisha nguo: hili litamkaa? Au hili?

Daraja likaisha. Zuri, pana, lina kingo. Nyanzobe akavuka na mtoto mgongoni. Bi Milembe akanyoosha mikono. Mtoto akamtazama, akalia, akaficha uso kwa mama yake.

"Ananijua kwa mbali tu," akasema Bi Milembe.

Siku hiyo hiyo wale watatu wa daraja wakaja mlangoni kumwomba radhi kwa pamoja. Akawazuia.

"Samahani ya kundi siitaki, haina mwenyewe. Aingie mmoja, yule aliyemzuia mwanangu kuvuka. Wengine nendeni."

Mwenyekiti akasema, "Mama, mimi nilitaka daraja jema tu. Nimeambiwa hamna neno. Ningejuaje kama neno lipo?"

Fundi Shija akasema, "Mkubwa akiagiza, mimi nani nimkatalie? Ubao haukuwa wangu. Na huyo binti yako, maji magotini, alingoja nini?"

"Alingoja mlichoandika," akajibu Bi Milembe.

Kabula akasema, "Mimi nilisema, mama. Peke yangu nilisema."

"Mara moja!" akadakia Fundi Shija. "Na rangi alikuwa nayo nani?"



Ndani, mtoto alikuwa ameacha kulia. Bi Milembe akageuza shingo kusikiliza, akasogeza kigoda kimoja karibu na mlango.

Sasa jibuni. Na yeyote atakayesema "wote wana makosa" akae chini, jibu hilo mwenye nyumba amelikataa kabla yangu. Mmoja alibadilisha kazi bila kuuliza muda. Mmoja alikubali bila kutaja muda. Mmoja aliujua muda, akatishwa, akaufungia moyoni. Kigoda ni kimoja, mlango uko wazi, na bibi anangoja tena.

Je, aingie nani?