Nyumba Kumi na Nne

Aliyeaga wote hakusafiri. Subilaga, umeusikia msemo huu kwa mama yako jana, na leo umekuja na binamu yako Lugano kuniuliza ulitoka wapi. Kaeni. Ila msikae sana, maana nyinyi ni watu wa safari. Msemo huu hamtaukuta kwa wahenga. Ulitoka kinywani mwa dada yangu Tupokigwe, hapa hapa Tukuyu, na mimi ni mmoja wa waliomfanya autoe.

Mvua ya kwetu mnaijua. Dada alizeeka bila kupata siku ya kufua nguo asubuhi akaivaa mchana. Kila kitu kilikaushwa jikoni juu ya moto, kikanuka moshi. Mumewe, shemeji yangu Ambakisye, fundi seremala, alikuwa ametundika ukutani kalenda yenye picha ya Lamu, kule Kenya: mchanga mweupe, bahari, na pembeni mlango wa kale wenye nakshi. Yeye aliutazama mlango, dada aliitazama bahari. Miaka ikapita wakisema tutakwenda, tutakwenda.

Mwaka dada alipotimiza sitini na mmoja, daktari wa macho kule Mbeya akamwambia ana presha ya macho, na imechelewa kugundulika. Mwanga uliokwisha kupotea haurudi. Dawa ya matone itamsogezea siku tu. Kama kuna kitu anatamani kukiona, akakione mwaka huo huo.

Shemeji akachukua daftari na penseli yake ya useremala, akapanga. Siku ya kwanza ufukweni, dada afue kanga yake na kuianika juani. Siku ya pili milango ya mji wa kale. Siku ya tatu makumbusho na ngoma, na siku ya nne ufukweni tena, kwa sababu dada alisema siku moja ya jua haimtoshi. Hati za kusafiria zikapatikana mapema. Ilibaki kuaga tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zamani, babu yetu mdogo alikwenda migodini Afrika Kusini bila kuaga, hakurudi, na mama yake akafa akimlaumu kila mtu. Tangu hapo wazee wa ukoo wakaweka kanuni: anayevuka mpaka ataaga nyumba zote kumi na nne, atakula, ataombewa, ataruhusiwa. Tena msiba ukiingia katikati, kuaga kunaanza upya. Hakuna aliyeona ubaya wa kanuni hiyo. Mtu bila watu wake ni nini?

Wakaanza mwezi wa pili. Nyumba ya kwanza wakaombwa wasubiri ubatizo wa mjukuu. Ya tatu mwenyewe hakuwapo, alikuwa Kyela, na mzee haagwi kwa kuachiwa salamu mlangoni. Kila walipokwama, shemeji alifuta tarehe kwenye daftari akaandika nyingine.

Nyumba ya saba ilikuwa yangu. Nilichinja kuku, nikawakaribisha vizuri, halafu nikawafunga kamba. Mama yako, Subilaga, binti yangu Sekela, alikuwa anaolewa baada ya Pasaka.

"Utamwachaje Sekela aolewe bila mama yake mkubwa?" nikamuuliza dada. "Ngojeni kidogo."

"Ni macho, mdogo wangu," akasema. "Siku hizi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo."

"Macho yetu sote yamezeeka, dada. Bahari haihami."

Afadhali angenigombeza. Akangoja harusi, akakaa jikoni kwangu siku tatu, kwenye moshi, na macho yale yale, akipikia wageni. Nilimwona akimimina maji pembeni ya sufuria, nikacheka, nikasema amechoka.

Mwezi wa tano zilibaki nyumba mbili tu, tukafiwa na mjomba wetu wa nyumba ya kumi na mbili. Matanga yalipokwisha, ikawa waanze tena kwenye nyumba ya kwanza. Shemeji akasema hapana, safari hii waondoke kimyakimya. Aliyekataa ni dada mwenyewe. Alisema akienda bila kuaga akarudi kipofu, watu watasema ni laana ya kutoaga, na wataisema mpaka kaburini. Aliujua ukoo wake. Nami nikijichunguza, naona ningekuwa wa kwanza kusema.

Wakarudia nyumba moja moja, na kila nyumba ilikuwa na jambo jipya. Kufika mwezi wa kumi na moja ule ukurasa wa daftari ulikuwa umefutwa mpaka umetoboka pale kwenye tarehe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Mwasandube. Niliwasindikiza. Siku hiyo, kwa ubaya wa bahati, Tukuyu ilikuwa na jua, tukakaa uani. Mzee akaomba sana, akamwita mkewe alete zawadi ya safari. Kilikuwa kitenge kipya, cha manjano kama ndizi iliyoiva. Akakiweka mapajani mwa dada, na dada akakipapasa polepole mpaka kwenye pindo.

"Ahsanteni," akasema. "Ni cha rangi gani?"

Shemeji akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akamshika mikono.

"Mama Lusajo, tangu lini?"

"Tangu juma lililopita. Zilibaki nyumba tatu. Nikasema tumalize kwanza."

Mzee Mwasandube akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa ruhusa imekamilika, wanaweza kuondoka hata kesho. Dada akacheka, kicheko ambacho sikitaki tena masikioni mwangu.

"Tumeaga nyumba kumi na nne, na nyingine mara mbili," akasema. "Macho yangu hayakuaga hata nyumba moja, nayo yamekwenda. Aliyeaga wote hakusafiri."

Shemeji alimbembeleza waende hivyo hivyo, walau akanyage mchanga na kusikia mawimbi. Dada akakataa. Alisema kelele za maji anazo hapa hapa, mvua hainyamazi. Basi kila jioni shemeji alikaa kando yake akimsimulia bahari, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Alikuwa akimsimulia ile picha ya kalenda, kila siku hiyo hiyo, na dada akiitikia. Mwaka wa kalenda ulikuwa umeisha zamani, lakini haikuondolewa ukutani.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu. Akanishika kichwa, akaniambia bila ukali wowote, "Ulisema kweli, mdogo wangu. Bahari haijahama." Akafa mwaka wa nne baada ya hapo.

Sasa nyinyi mnakwenda Mombasa kesho, mkaogelee na mkaone mji wa kale, na Lugano ananiambia mnataka kwanza kupita kwa wazee wote. Kwa nani? Hamwendi kwa mzee yeyote. Mmeniaga mimi, inatosha. Hizo nyumba nyingine nitazipitia mwenyewe kwa miguu yangu, na atakayenuna na anune.

Chukua kitenge hiki, Subilaga. Ndicho kile cha manjano; hakukivaa hata siku moja. Ukifika, kifue asubuhi, ukianike juani, ukivae mchana. Hakitamsaidia dada, najua. Hakuna cha kumsaidia tena. Fanya tu.

Haya, simameni, msiongeze chai. Aliyeaga wote hakusafiri.