Maagizo Mawili ya Mama Mmoja

Leo nawapeni mfano wa binti aliyemuuguza mama yake. Tulieni mnisikilize, maharage mliyoyaacha jikoni hayataungua.

Binti huyo alikuwa na kaka mmoja tu, aliyeishi mjini. Yeye alibaki nyumbani na mama yao, mjane ambaye figo zilikuwa zinamharibikia. Ndiye aliyembeba kwenda chooni, aliyefua mashuka, aliyepika mchuzi usio na chumvi na kutukanwa kwa kukosa chumvi. Na katika nyumba ile, kama katika nyumba zetu, mbele ya mgonjwa kifo hakikutajwa. Waliamini ukikitaja umekiita. Kila aliyeingia alisema, "Utapona tu, mama," na kila aliyetoka alijifutia machozi uani.

Asubuhi moja mama akazidiwa, wakamkimbiza hospitali ya wilaya. Daktari aliwaita watoto wote wawili nje ya wodi, akasema bila kuzunguka:

"Figo zimekwisha. Tunaweza kumpeleka hospitali ya rufaa, akasafishwe damu kwa mashine, lakini kwa hali ya moyo wake siwaahidi kwamba atarudi. Au arudi nyumbani na dawa ya maumivu, akae na nyinyi hadi mwisho. Gari la rufaa linaondoka adhuhuri. Nataka jibu moja."

"Mashine," akasema kaka.

"Nyumbani," akasema binti, papo hapo.

Wakatazamana.

"Mama aliniambia kwa mdomo wake," akasema kaka. "Pasaka ile nilipokuja. 'Mwanangu, wakisema mashine, iwe mashine. Usiniache nife hivi hivi.'"

"Na mimi aliniambia nikimwogesha. 'Wakileta mashine na mipira yao usiwaruhusu. Nirudishe kitandani kwangu.'"

"Mwongo wewe! Umechoka kufua mashuka, sasa unataka tumzike upumzike."

Mmewahi kutupiwa neno baya, mkakuta ndani yake kuna chembe ya kweli? Binti alikuwa amechoka. Wiki ile ile aliwahi kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajisemea, laiti yangekwisha. Sasa akaanza kujiuliza kama siku ile bafuni alimsikia mama, au aliusikia mgongo wake mwenyewe.

"Na wewe," akasema, "unayemwona Pasaka hadi Pasaka, unataka hiyo mashine ikuombee msamaha."

Kaka akanyanyua mkono kama atakayempiga, kisha akaushusha. Daktari akatazama saa.

Sasa niwaulize, wapendwa: muda wote huo mama alikuwa wapi? Alikuwa amezirai? Alikuwa amepoteza akili? La. Alikuwa pale ndani, mlango uko wazi, macho ameyafumba, masikio mazima. Walibishana juu ya maneno yake kama wanaosimulia habari za mtu aliyesafiri.

Binti akageuka kuingia wodini. Kaka akamdaka kanga: "Usimwambie! Utamuua!" Akajinasua, akaenda hadi kitandani, akasema lile ambalo nyumbani kwao halikuwahi kusemwa:

"Mama, unakufa. Unataka ufie wapi?"

Wodi nzima iliguna. Mwanamke aliyekuwa akimlisha mgonjwa wa jirani akaacha kijiko hewani. "Toba! Mtoto gani huyu?"

Mama akafumbua macho.

"Hatimaye," akasema. "Nilidhani mtanifukia huku mnaniambia nitapona."

Kaka akapiga magoti. "Mama, si uliniambia mashine?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Ningekwambia nini? Nilikupa neno la kurudi nalo mjini."

"Na mimi?" akauliza binti.

"Usimcheke kaka yako. Wewe nilikupa ruhusa ya kupumzika. Niliusikia mgongo wako ukilia kila ukiniinua."

"Kwa hiyo ulitudanganya wote?"

"Niliwahurumia wote. Nikawagombanisha." Akavuta pumzi. "Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Haya, mwiteni huyo daktari, asikie mwenyewe."

Daktari akaja.

"Mashine nazikataa," akasema mama. "Nazikataa mimi, si huyu binti. Dawa ya maumivu naitaka, usinipimie kwa uchoyo. Nakwenda kwangu, na huyu kijana ndiye atakayenibeba, maana ana mabega na hajayatumia. Watu wakiuliza nani aliamua, semeni mama aliamua. Na leo nitakula chumvi."

Daktari akacheka, akakubali.

Basi akarudi nyumbani, amekaa kiti cha mbele, akimfokea dereva kwa kila shimo. Majirani waliokuja na nyuso za msiba walimkuta barazani, anauliza nani amemwagilia mboga. Akawaita aliokosana nao, mmoja mmoja. Kaka hakurudi mjini. Alijifunza kufua mashuka, na dada yake akalala usingizi mzima. Siku mama alipokata roho, watoto wake wawili walikuwa wamemshika, huyu mkono huu, huyu mkono huu, na ndani ya nyumba watu walikuwa wanaimba.

Sasa sisi. Tunajijua. Tunamnong'oneza huyu hili na yule lile, kila mmoja kwa anachoweza kukibeba, tukidhani huo ndio upendo. Kisha tunaondoka tukiwaachia watoto kesi isiyo na hakimu. Sisemi mkatae mashine. Mama yule angesema mashine, tungeimba vilevile. Nasema mseme, na mseme mara moja, wote wakiwa wamekaa chumba kimoja, ninyi mkiwa bado na pumzi ya kujibu maswali yao. Na wewe unayeuguza, uliza. Mungu amekwisha kujua kwamba tutakufa, tunamficha nani?

Maana kifo kilifika katika nyumba ile, hilo hatulikatai. Kilikuja kuchukua watatu, kama kilivyozoea: mama kwa ugonjwa, na kaka na dada kwa ugomvi. Kikapewa mwili mmoja wa bibi kizee aliyekwisha kuaga, kikaondoka nao. Wale wawili hakikuwapata!