Mafahali Walioacha Kucheua

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakifuga wanyama wenzao bila kuoneana haya, Kifaru alikuwa na zizi la kunenepesha mafahali. Alitaka wawe minofu mitupu, awapeleke mahari ya mwanawe. Mtunza zizi alikuwa Pimbi, mama wa watoto watatu, asiyefika hata gotini pa fahali.

Mafahali walitoka nyikani wamekonda, wamezoea majani makavu. Kifaru hakungoja. Siku ya kwanza tu akawajazia hori mahindi ya kuparaza, yaliyosagwa nusunusu, mwaa!

"Wazoeshe polepole, Bwana," Pimbi alimsihi. "Changanya na majani."

"Majani yamemnenepesha nani?" Kifaru alifoka.

Pimbi alilitazama tumbo la Kifaru, mla majani tangu azaliwe.

Asubuhi moja wakamkuta fahali kalala chali, tumbo limevimba ndi! Amekufa.

"Njaa hiyo!" Kifaru akanguruma. "Ongeza mahindi! Na akifa mwingine, wewe na wanao mtayahama mawe yangu mnamoishi."

 Pimbi akazunguka zizini. Kinyesi kimekuwa uji. Madoa, fahali mkubwa kuliko wote, kainamisha kichwa, taya zimetulia.

"Madoa, baba, mbona hucheui?"

"Tumbo linawaka moto, mama. Hori silitaki hata kuliona."

 Siku hiyo Pimbi aliwatazama wanawe wakicheza juu ya mawe, machozi yakimlenga. Mwisho akanyanyuka, akamkimbilia Kifaru.

"Bwana! Nimetoka mtoni. Huko Kiboko anasema, kwa kukata majani, wewe ni mtoto wa jana!"

"Nani? Mimi?"

"Naona aibu hata kurudia. Eti yeye anaweza kulijaza zizi hili kabla hujafikisha mzigo mmoja."

Kifaru alitoka mbio, vumbi timtim. Fyeka! Fyeka! Mizigo ikamiminika zizini.

"Na mahindi nani atayagawa?" aliuliza akihema.

"Niachie mimi, Bwana. Wewe utapata wapi nafasi?"

Pimbi akafagia hori, akaweka majani, akaleta maji safi. Mahindi akanyunyiza konzi moja tu. Madoa alinusa, akageuza uso. Pimbi akabaki amesimama pale pale, roho mkononi. Kesho yake Madoa akala kidogo. Kesho kutwa, kwacha... kwacha... taya zikaanza kusaga. Anacheua!

Hapo ndipo Pimbi akaanza kuongeza mahindi, kidogo kidogo, mpaka manyoya ya mafahali yakang'aa.

Siku moja Kiboko akapita.

"Umeshindwa!" Kifaru alimpigia kelele. "Tazama majani yangu!"

"Nimeshindwa nini? Mimi sijashindana na mtu!"

Kifaru akageuka taratibu. Watoto wa Pimbi wakajificha nyuma ya mama yao.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya, Bwana," Pimbi alijibu. "Nilipokwambia kweli hukunisikia."

Kifaru akamtazama Pimbi. Akamtazama Madoa, mnene, akicheua, macho kayafumba nusu. Akapumua kwa nguvu, pfuu!

"Haya," alinong'ona, Kiboko asisikie. "Kesho nikate mizigo mingapi?"

Basi wanangu, mnyama hunenepa kwa afya yake, hanenepi kwa pupa ya mwenye zizi.