Neno la Lubaba Mlangoni kwa Sakhri

Alasiri ya mwezi ishirini na tisa Shaabani, Bi Lubaba, mjane wa Basra, alibisha mara tatu mlangoni kwa Sakhri. Waliotusimulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, wanasema alikuwa amekodi shamba lake kwa miaka saba, akapanda mitende na kuinywesha kwa mikono yake. Mkataba ulimpa khiyari ya kulinunua kwa bei waliyopatana, kwa sharti moja: neno lake la kununua lifike masikioni mwa Sakhri kabla mwezi wa Ramadhani haujaonekana. Ukionekana, khiyari imekufa.

Mtumishi alifungua mlango nusu. "Bwana amesafiri."

Lubaba alitazama chini. Viatu vya Sakhri vilikuwa kizingitini, vina matope mabichi.

"Amesafiri peku?"

Lubaba akapaza sauti: "Bwana Sakhri, nimenunua shamba!" Mlango ukafungwa.

Jua lilitua katika mawingu. Lubaba akiwa njiani, wingu lilipasuka kidogo, akauona mwezi, kisha ukafunikwa.

Msikitini Kadhi aliuliza nani ameuona. Watu walitazamana. Sakhri alikuwa safu ya mbele. Alikuwa amewaambia jirani zake, Kadhi akisikia, kuwa ametoka safarini saa ile ile. Lubaba alijua kwamba akinyamaza, kesho itahesabiwa thelathini Shaabani, naye atapata siku nzima ya kumkabili.

"Mimi nimeuona," alisema kutoka nyuma.

Ilimpasa Sakhri afurahi. Badala yake alishuku mtego.

"Ewe Kadhi, usimwamini! Alasiri hii hii amepiga kelele mlangoni kwangu, 'Nimenunua, nimenunua.' Sasa aiue khiyari yake kwa ulimi wake mwenyewe? Pana hila hapa!"

"Bwana Sakhri," Kadhi alisema, "si ulikuwa safarini?"

"Nilikuwa safarini."

"Basi kelele hizo ulizisikia kwa masikio ya nani?"

Kadhi aliupokea ushahidi wa Lubaba, kwa kuwa mbingu ilikuwa na mawingu naye alijulikana kwa uadilifu. Kisha akahukumu kwamba neno lake lilifika masikioni mwa Sakhri kabla ya mwezi kuonekana.

Ndugu zangu, Lubaba aliposema kweli aliamini kwamba shamba limekwenda. Hapo ndipo imani yake ilipopimwa, si kwenye hukumu.

Basra ilifunga asubuhi iliyofuata. Hati ya shamba iliandikwa kwa jina la Lubaba tarehe tatu Ramadhani.