Hodi Iliyoruka Nyumba Yangu

Nimekuja na kisa. Semeni, "Kiweke tukione." Ahsanteni. Basi nakiweka hapa katikati, kando ya bakuli la hina, na watoto wasiondoke, maana wao huamua bila kuoneana haya. Ila nawaonya mapema: hakuna sungura wala fisi humu. Kuna watu watatu, na wa tatu ni mimi. Nitajiweka mwisho, kama waoga wote wanavyofanya.

Nawaambia nyinyi kwa sababu hamtujui. Mmenialika harusini, mmenilisha, na treni yangu ya kurudi ni leo alasiri. Kwetu nisingethubutu.

Kwetu ni Aldermarsh, wilaya ndogo ya Uingereza yenye soko la Jumanne na mvua ya siku zilizobaki. Tuko nyumba arubaini hivi za watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Tulikuwa na ukumbi wa matofali mekundu, mali ya halmashauri. Humo tuliozesha, humo tulikaa matanga, humo watoto walisoma chuo cha Kurani kila Jumamosi, ndoo ikikinga maji yanayovuja darini. Halmashauri ikasema ukumbi utauzwa. Tukalalamika, tukaandika barua, tukajibiwa kwa barua nzuri zaidi. Hapo ndipo wifi yangu Ruzuna, mke wa kaka yangu, aliposema, "Mimi nagombea udiwani."

Tulicheka, nakiri. Ruzuna ni mshonaji wa mapazia. Lakini aliposimama tukasimama naye, na watatu tukawa mstari wa mbele, kila mtu na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Makame. Amefundisha darasa la tano Pemba miaka thelathini na moja, na jicho lake halipitwi na kosa. Kila karatasi ya kampeni ilipita kwake kwanza. Neno likikosewa herufi moja, analikamata.

Wa pili ni Shemsa, rafiki wa Ruzuna wa kufa na kuzikana. Huyu kipaji chake ni mdomo, na simsengenyi, mwenyewe anajisifia. Akituma sauti kwenye kundi letu la simu, kabla maji ya chai hayajachemka nyumba zote arubaini zimesikia.

Wa tatu, mimi, Mwanatumu. Kipaji changu ni kujua heshima ya kila mtu. Nani aalikwe kwa kadi na nani afuatwe kwa miguu, nani akisahauliwa atanuna mwaka mzima. Harusi zote za Aldermarsh huniuliza mimi.

Sasa sikilizeni jinsi vipaji vyetu vilivyofanya kazi.

Siku ya kura, Alhamisi, Mwalimu Makame alivaa koti lake la mkutano akaenda kituoni asubuhi na mapema. Akaonyesha kitambulisho, akapewa karatasi na penseli. Mle ndani kuna majina matatu: Ruzuna, bwana mmoja Geoffrey ambaye amekuwa diwani tangu enzi, na mtu wa tatu ambaye hata mkewe nadhani hakumchagua. Karatasi inasema weka alama ya mkasi mbele ya jina unalolitaka. Mwalimu hakuisoma. Mwalimu asome maelekezo ya nini, yeye si ndiye aliyekuwa akiyaandika ubaoni? Kwake yeye dunia nzima inajua kwamba mkasi ni kosa na vyema ni sahihi. Akampiga Geoffrey mkasi. Akampiga yule wa tatu mkasi. Mbele ya Ruzuna akaweka alama ya vyema, ile yake yenye mkia mrefu unaopinda mwishoni. Akakunja karatasi akatoka ameridhika, kama aliyemaliza kusahihisha daftari la mwisho.

Siku hiyohiyo Shemsa alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, simu mfukoni. Akawauliza Waingereza anaofanya nao kazi kituo kinafungwa lini, wakamwambia kwa Kiingereza saa zao, kumi za usiku. Nyinyi mnajua, hiyo ni saa nne yetu. Lakini Shemsa ameishi huku miaka ishirini na mbili, na saa zake zimechanganyika. Akabonyeza simu akapaza sauti: "Jamani, jamani, kituo kinafungwa saa kumi! Asibaki mtu!" Vijana waliosikia walielewa, kwa sababu wao saa yetu hawaijui hata. Lakini shangazi yake, Bi Nyange, mwanamke wa miaka sabini na nane, saa kumi kwake ni saa kumi, alasiri. Alikuwa amevaa tangu mchana, pasipoti mkobani, anamsubiri mkwewe arudi na gari. Gari lilipofika ilikuwa saa kumi na robo. "Basi tena," akasema, akavua buibui, akakaa. Mkwewe, ambaye hasikilizi sauti za Shemsa, hakuuliza kitu.

Na mimi.

Wiki mbili kabla ya kura, Ruzuna alipita mtaani kwetu kubisha milango. Mimi nakaa namba kumi na sita. Nilimwona tangu kona, amevaa viatu vya kisigino na mtandio wa kijani, karatasi mkononi. Nikaweka maji jikoni. Nikatoa sahani ya kaimati, moto bado. Nikasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, nikamsikia akibisha namba kumi na nne, akicheka na Waingereza, akiwaomba kura kwa adabu zote. Kisha nikasikia visigino vinakuja. Vikapita. Vikabisha namba kumi na nane.

Baadaye nikasikia amemwambia mtu, "Kwa Mwanatumu nikaombe nini? Yule si ni wangu?" Nyinyi mnaweza kusema hiyo ni sifa. Mimi, mjuzi wa heshima za watu, niliisikia vingine. Nilisema moyoni: kumbe wageni wanaombwa, mimi naokotwa. Zile kaimati nilizila peke yangu, na bado nakumbuka zilivyokuwa tamu.

Alhamisi ikafika. Kituo kiko dakika nne kutoka mlangoni kwangu. Nilikunja nguo. Nilizikunja, nikazikunjua, nikazikunja upya, nikiitazama simu. Angenipigia tu aseme, "Wifi, usinisahau," ningekwenda kwa miguu peku. Hakupiga. Sikwenda.

Kura zilihesabiwa Ijumaa mchana kwenye ukumbi wa michezo. Mwalimu alikwenda na Ruzuna awe wakala wake. Msimamizi akawaita wagombea kuonyeshwa kura zilizokataliwa, akainua karatasi moja: mikasi miwili na vyema moja. Nafasi ni ya mtu mmoja, akasema, hapa watu watatu wametiwa alama, hatuwezi kujua nia yake, imekataliwa. Ruzuna akaikodolea macho. "Huyu nani jamani, aliyekuja kunichezea?" akasema kwa Kiswahili. Mwalimu akauona ule mkia unaopinda. Amekwisha kuuchora mara laki nzima maishani. Akafungua mdomo, akaufunga.

Matokeo yakasomwa. Ruzuna mia sita na kumi na moja. Geoffrey mia sita na kumi na moja.

Wakirudia kuhesabu, ni vilevile. Sheria za huku zinasema hapo ipigwe kura ya bahati. Msimamizi akaandika majina mawili, akayatia kwenye kisanduku, akachovya mkono. Akatoa la Geoffrey.

Kura moja, wenzangu. Ya Mwalimu pekee ingetosha. Ya Bi Nyange pekee ingetosha. Yangu, ya dakika nne, ingetosha na kubaki.

Jumapili Ruzuna akapika pilau akatuita wote, ndani ya ukumbi ambao tayari una kibandiko cha dalali mlangoni. Akasimama, macho mekundu. "Nyinyi hamkuniangusha," akasema. "Nawashukuru mmoja mmoja. Nimepungukiwa kura moja tu, na mwenyewe namjua." Akamtaja Maureen.

Maureen ni jirani yake, bibi wa Kiingereza, mjane, ukuta mmoja. Miaka kumi wamepeana vitu juu ya ua: Ruzuna anampa sambusa, yeye anarudisha bakuli lina matufaha ya bustanini. Miaka yote ameweka bango la Geoffrey dirishani. Mwaka huu alilitoa, akamwahidi Ruzuna kura. "Ameniahidi machoni, kisha kanigeuka," akasema Ruzuna. Mwalimu aliinama kwenye sahani yake. Shemsa alichukua simu akaifuta ile sauti, na kwenye simu zetu zote arubaini pakaandikwa kwamba ujumbe huu umefutwa. Ruzuna akaniuliza mimi, "Ama siyo, wifi?" Nami nilikuwa nimeshamwambia kwamba nimepiga kura mapema. Nikasema, "Ndiyo, wifi." Na nyama nikaongezewa.

Tangu hapo Ruzuna hapokei salamu ya Maureen. Bakuli lake la mwisho alilirudisha tupu, akaliweka kizingitini, akaondoka.

Wiki iliyopita Maureen alikuja kwangu. Alibisha hodi, ndiyo, yeye alibisha. Anatembea na kigari cha kushikia, nyonga yake mbovu. Akaniambia, "Nilikwenda kituoni na hiki kigari, kwenye mvua, nikampigia kura yeye. Nimemkosea nini?" Nilimtazama usoni nikamjibu, "Sijui."

Hapo nilitamani ardhi inimeze, na haikunimeza. Maureen anahama. Binti yake anamchukua akaishi naye kaskazini, na gari la mizigo linakuja keshokutwa, Jumamosi.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamweleza yangu. Nikamkuta Shemsa jikoni, naye amekuja kueleza yake, na Mwalimu analia mezani kwa ajili ya yake. Sijui kama tulifarijika au tulizidi kuchafuka.

Tukaona jambo moja. Ruzuna anatafuta kura moja iliyopotea. Mmoja wetu akienda kusema, "Ni yangu," Maureen ametakata. Tukienda watatu, tunamvunja: kwa siku moja anapoteza mwalimu wake, rafiki yake na wifi yake, na ukumbi hana. Basi aende mmoja, na wawili wamezwe na aibu yao kimya kimya. Ila nani?

"Mimi sikukusudia," akasema Mwalimu. "Mkono wangu ulitaka kumpa."

"Lakini uliiona ile karatasi ukanyamaza," akasema Shemsa. "Ungesema palepale, labda msimamizi angefikiri upya."

"Nawe?"

"Mimi kura yangu niliipiga! Iliyopotea ni ya Bi Nyange. Nikitaja, yule bibi atakufa kwa haya, na yeye hana kosa."

"Na aliyemfundisha saa kumi ni nani?" akauliza Mwalimu.

Kisha wakanigeukia mimi. Nikasema, "Mimi nilijua nilichokifanya. Hiyo ndiyo tofauti yangu na nyinyi. Lakini Mwalimu akisema, Ruzuna atacheka, atalia, atasamehe. Shemsa akisema, atagomba siku tatu. Mimi nikisema, kaka yangu ataniuliza ni kwa nini, nami itabidi niseme: kwa sababu ya kaimati."

Shemsa akaniambia, "Basi usiende wewe, utabomoa nyumba." Mwalimu akaniambia, "Basi nenda wewe, maana ndiwe uliyekusudia." Tukaachana bila kukubaliana, kila mtu na lake.

Ndicho kisa chenyewe, kiko mbele yenu. Mmoja alipiga akakosea, akaona kosa lake akanyamaza. Mmoja alikosea ulimi, akapoteza kura ya mwingine, akafuta ushahidi. Mmoja hakukosea chochote, alikaa tu akingoja abembelezwe. Na kuna bibi, ukuta mmoja na Ruzuna, anafunga masanduku yake akijiuliza amekosa nini.

Binti, niachie mkono huo, hina haijakauka. Mimi nina saa mbili kabla ya treni, na kesho moja. Mlango wa Ruzuna ni wa buluu, na kengele yake imeharibika, lazima ubishe.

Haya, semeni, wakubwa kwa wadogo. Ingekuwa nyinyi, mngemtuma nani kati yetu akabishe hodi?