Jina la Jirani Ndani ya Runinga

Usiitume kwanza. Isome mpaka mwisho, ndipo uitume. Kuna watu wakishaona ujumbe mrefu huwarushia wenzao kabla hata ya kuusoma, na hadithi hii inawahusu wao kuliko wengine wote.

Palikuwa na mji mdogo wenye stendi, soko, zahanati moja na kibanda umiza kimoja, yaani kile kibanda cha mabati na mabenchi ambako watu huingia kutazama filamu na mpira. Mwenye kibanda alikuwa kijana aitwaye Shilatu. Watu walimwita DJ Radi kwa sababu ya sauti yake. Filamu ikija kutoka ng'ambo na lugha yake haieleweki, Shilatu alishika kipaza sauti akatafsiri huku picha inaendelea. Nje alikuwa ametundika spika kubwa ili wapita njia wavutike waingie, kwa hiyo hata asiyeingia alisikia kila kitu.

Na kama wafanyavyo wenzake wa kazi hiyo, Shilatu aliwapa watu wa kwenye filamu majina ya watu wa hapohapo mtaani. Jambazi akiitwa kwa jina la fundi baiskeli, kibanda kizima kinavunjika mbavu, na fundi baiskeli mwenyewe anacheka kuliko wote. Hakuna aliyeona ubaya.

Jirani na kibanda hicho alikaa Nyamizi, mjane aliyekaanga maandazi kwenye kibaraza cha nyumba aliyoachiwa na mumewe. Alikuwa mcheshi kwa wateja na mkali kwa wanaominyaminya maandazi bila kununua. Shingoni alikuwa na kovu pana, kutoka chini ya sikio hadi begani. Kovu hilo halikuwa siri kwa mtu. Miaka ya nyuma karai la mafuta ya moto lilimpindukia mchana kweupe, pale pale kibarazani. Aliyemmwagia maji, akaungua mikono naye kwa mafuta hayo, na kumbeba mgongoni mpaka zahanati alikuwa shoga yake Getruda, mke wa mwenyekiti wa mtaa. Tafadhali likumbuke jambo hilo, maana watu wa mtaa ule walilisahau.

Siku moja Shilatu akaleta filamu ya kutisha. Ilihusu mtangazaji wa kike aliyesoma habari kwenye runinga. Kila aliyemtazama alianza kuona visivyokuwepo. Ukuta unapumua, chai kikombeni inageuka damu, mtoto aliyelala kitandani anageuka kuwa sanamu. Mwishowe watu wale hawakujua tena kama wamo nyumbani kwao au wamo ndani ya runinga. Na yule mtangazaji alikuwa na kovu shingoni.

Shilatu alipoliona kovu lile, hakufikiri mara mbili. Akapaza sauti: "Huyo hapo! Nyamizi wa maandazi ameingia hewani!"

Kibanda kililipuka kwa kicheko. Nyamizi alisikia jina lake kupitia spika, naye akacheka huku akigeuza maandazi. "Mtoto huyu hana adabu," alisema, na akaendelea na kazi yake.

Filamu ile ikawapagawisha watu. Waliiomba irudiwe, wakaiomba tena. Wakajua kila kelele na kila mlango unapofunguka. Vijana waliweza kuisimulia kwa sauti ya Shilatu neno kwa neno. Na kila ilipooneshwa, jina la Nyamizi lilitangazwa mtaa mzima: Nyamizi amemla mumewe, Nyamizi anawaita watoto, msimwangalie Nyamizi machoni!

Kicheko kikaanza kupungua. Nyamizi aliligundua hilo kwanza kwenye karai lake. Maandazi yalibaki. Watoto waliotumwa kununua walipita upande wa pili wa njia. Mama mmoja alipokea andazi kwa ncha za vidole, akaligeuza, akalinusa, kisha akalirudisha kwenye beseni.

Kisha mtoto mdogo wa Getruda akapata homa. Alikuwa amechungulia filamu ile kwenye tundu la bati. Nyamizi alipokwenda kumjulia hali, mtoto alimwona shingo, akapiga ukelele na kujifunika shuka. Zahanati walisema ni malaria na walimpa dawa, naye akapona. Lakini nani alitaka kusikia habari za malaria?

Nyamizi alimfuata Shilatu kibandani asubuhi, akamkuta anafagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shilatu, lugha ya ile filamu unaijua?"

Kijana alicheka kwa aibu. "Mama, hata salamu yao siijui."

"Sasa kwamba nimemla mume wangu, umeyapata wapi?"

"Nimetunga tu. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua maandazi kwako, ukanijia kichwani. Watu wakacheka, nikaendelea."

"Basi waambie. Washa hiyo spika yako uwaambie."

Shilatu akatazama chini. "Nikiwaambia siijui lugha, nani atakuja tena?"

Jamani! Mwanamke anatengwa na mtaa mzima, na mwenye ulimi uliomtenga anawaza mabenchi yake yasikae matupu. Nyamizi alitoka mle ndani kwa hasira.

Haukupita muda, mwenyekiti akaitisha mkutano. Mwenyekiti huyo, Bwana Ndalahwa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa kelele, na kelele zilikuwa zimezidi. Mvua ilikuwa inanyesha mchana ule, basi wakakutana mle mle kibandani, kwa kuwa ndimo mlimo na mabenchi. Nyamizi aliketishwa mbele kama mshitakiwa.

Mmoja alisema alimwona kwenye kioo cha dirisha lake, akitabasamu. Mwingine alisema chai yake ilibadilika rangi siku aliyokula andazi la Nyamizi. Wa tatu alisema ukuta wake unapumua. Wote walikuwa wameyaona hayo kwenye filamu, tena zaidi ya mara moja, na sasa waliapa kwamba wameyaona nyumbani. Sidhani kama walidanganya. Walikuwa wameshindwa kutofautisha walichokiona na walichooneshwa.

Kisha akasimama Getruda, kitambaa kimezungushwa shingoni kama kawaida yake msimu wa baridi.

"Mimi nasema kwa uchungu," alisema. "Lile kovu si la kuungua. Amezaliwa nalo."

Nyamizi alihisi kama amepigwa kofi. "Getruda! Si wewe uliyenimwagia maji? Si wewe uliyenibeba?"

Getruda alikunja uso, akawa kama mtu anayetafuta kitu kizani. "Nilikubeba, ndiyo. Lakini mafuta sikuyaona vizuri. Nikikumbuka siku ile nakuona umekaa, unasoma habari."

Nyamizi aliona heri angeitwa mchawi na watu elfu kuliko kusikia maneno yale. Mtu aliyeungua mikono kwa ajili yake sasa alikuwa na filamu kichwani pale palipokuwa na ukweli.

Bwana Ndalahwa akamgeukia Shilatu. "Wewe ndiye mtafsiri. Filamu inasema nini?"

Nyamizi alimtazama kijana yule kwa macho yote mawili.

"Mimi," Shilatu alisema polepole, "hutafsiri kinachosemwa."

Mkutano ukaguna kwa kuridhika. Mwenyekiti akakohoa, akatangaza kwamba kwa usalama wa watoto, Nyamizi afunge kibaraza chake, aiache nyumba na kuhama mtaa kabla wiki haijaisha.

Nyamizi akasimama. Hakulia. "Nitahama," alisema. "Lakini hiyo filamu sijawahi kuiona. Mnanifukuza kwa kitu nisichokijua. Nioneshwe, kisha nikafunge virago."

Ombi hilo liliwafurahisha. Nani angekataa kuitazama tena? Shilatu akawasha mashine, mtangazaji akatokea kwenye kioo, na kijana alipotaka kushika kipaza sauti akakuta kimeshachukuliwa.

"Leo natafsiri mimi," alisema Nyamizi.

"Wewe lugha ile unaijua?" mwenyekiti aliuliza.

"Kama anavyoijua Shilatu."

Na akaanza. Alitumia sauti ileile aliyotumia kuuzia maandazi, sauti ya kusikika hadi stendi. "Huyo hapo! Getruda, mke wa mwenyekiti, ameingia hewani!"

Watu wakacheka. Hata Getruda alicheka kidogo. Nyamizi akaendelea. Getruda amemla shemeji yake. Getruda anawaita watoto. Homa ya mwanawe ameitengeneza mwenyewe, msimwangalie Getruda machoni!

Kicheko kikafifia. Mtu mmoja katikati ya kibanda akasema, "Lakini huyu mwanamke kweli anatembea kama Mama Mwenyekiti."

"Hata anavyogeuza kichwa!"

"Na kile kitambaa shingoni. Kila siku amejifunga. Anaficha nini?"

"Afungue!"

Getruda alipauka. Akakivuta kitambaa, akawaonesha shingo safi isiyo na alama. Unadhani waliridhika?

"Ameliondoa!" mtu alipiga kelele. "Limehamia kwingine!"

Mabenchi yakaanguka. Wanaume wakainuka. Bwana Ndalahwa alikuwa akisema, "Jamani, hii ni filamu, ni filamu tu!" na hakuna aliyemsikiliza, kama yeye alivyokataa kusikiliza dakika chache zilizopita.

Nyamizi aliingiwa na hofu. Alitaka kuwafundisha, na sasa somo lake lilikuwa linakwenda kuua mtu. Aliruka akasimama mbele ya Getruda, akampa mgongo wake kama ngao.

"Nimetunga!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Hakuna hata neno moja la kweli! Nimetunga yote!"

"Amesharogwa naye!" sauti ikajibu. "Mnaona anavyomtetea!"

Hapo Nyamizi alielewa kwamba ukweli peke yake hautafua dafu mle ndani. Akaelekeza kidole kwenye kioo, ambako mtangazaji alikuwa bado anasoma habari zake, na akamtazama mtu aliyekuwa mbele kabisa ameshika mguu wa benchi.

"Vizuri," alisema, na spika ikalibeba neno hilo hadi nje kwenye mvua. "Filamu bado ndefu. Nimpe nani jina sasa? Nikupe wewe, Maganga? Nianze na mkeo au na mama yako?"

Maganga akarudi nyuma.

"Wewe uliyesema ukuta unapumua, nikutie mle? Nani mwingine anataka kutafsiriwa?"

Kibanda kikawa kimya. Nataka hili lieleweke: hawakunyamaza kwa sababu wameona kosa lao. Kila mmoja aliogopa kwamba jina litakalofuata ni lake. Walikuwa tayari kumtoa Nyamizi nyumbani kwake kwa maneno ya kipaza sauti, wakawa tayari kumpasua Getruda kwa maneno ya kipaza sauti, na walipofikiwa wao ndipo wakagundua kwamba kipaza sauti husema uongo.

Shilatu akazima mashine. Akasema kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa radi hata kidogo, "Mimi pia nilitunga. Lugha ile siijui. Sikuwahi kuijua."

Getruda alikuwa ameketi sakafuni. Alinyoosha mkono akaligusa kovu la Nyamizi, kisha akaigeuza mikono yake mwenyewe. Kwenye viganja palikuwa na mabaka madogo ya zamani ya kuungua.

"Yalikuwa mafuta," alisema. "Mungu wangu. Yalikuwa mafuta, na yaliniunguza na mimi. Nimekuwa na alama hizi siku zote."

"Ndiyo," Nyamizi alisema. "Ungejitazama mikono."

Nyamizi hakuhama. Mwenyekiti alifunga mkutano kwa kusema mvua imepungua, na watu wakatawanyika wakiangalia viatu vyao. Hakuna hata mmoja aliyesema samahani. Kesho yake walirudi kununua maandazi, wakachagua yaliyoiva vizuri, kama vile hakuna kilichotokea. Nyamizi aliwauzia, ila alimwekea kila mmoja andazi mkononi mwake na kumtazama machoni mpaka akainamisha uso. Pembeni yake alikaa Getruda, shingo wazi, akikanda unga mbele ya mtaa mzima.

Shilatu naye alilazimika kutimiza sharti moja la Nyamizi. Kila mara kabla ya filamu kuanza, atangaze kwenye spika: "Lugha hii siijui, na majina haya nayatunga mwenyewe."

Jioni ya kwanza alitangaza hivyo, neno kwa neno. Kibanda kilikuwa kimejaa. Na kutoka kwenye benchi la nyuma, mtu aliyekuwepo kwenye mkutano ule, aliyeona yote kwa macho yake, akapiga kelele:

"Acha porojo, DJ! Tuwekee ile ya Getruda!"

Funzo: Si kila anayekutafsiria dunia anaijua lugha yake. Kabla hujaamini ubaya wa jirani yako kwa kuwa umeusikia kwenye spika au umeuona kwenye kioo, jiulize wewe mwenyewe ulimwona akifanya nini, na kama huna jibu, usilibebe jina lake kwenda kwa mwingine.