Chupa Mia Tatu za Mwongeli

Mashimoni, pale Kibera ambapo nyumba za mabati zimebanana kama meno ya chanuo, hapakuwa na mtu asiyemjua Mercyline, mama yake Marion. Kwa miaka tisa alikuwa akiwauzia majirani maji, na kila mteja aliondoka na mtungi wake pamoja na mzaha wa bure. Mwaka huo, hata hivyo, kicheko kilimkauka. Watoto wa mtaa walikuwa wakiumwa tumbo na kuendesha kila mara, na fununu zikaenea kama moto katika mabua makavu kwamba maji ya Mercyline ndiyo yaliyowadhuru. Wateja wakaanza kumkwepa mmoja mmoja. Wengine walipita mbele ya kibanda chake na mitungi mitupu, nyuso wamezielekeza kwingine.

Jambo hilo lilimkereketa sana jirani yake Mwongeli, binti wa Kitui aliyefundisha sayansi katika chuo kimoja mjini. Alijua kwamba maji ya jiji hutiwa dawa kabla ya kusambazwa. Sasa uchafu uliingilia wapi? Aliandika ombi kwa hazina moja ya utafiti akitaka shilingi milioni tatu ili apime maji ya Kibera na Kawangware kwa mwaka mzima. Jibu lilipofika, alilisoma mara mbili asiamini macho yake. Alikuwa amepewa laki mbili na nusu.

Jioni hiyo simu yake iliita. Alikuwa Daktari Osewe, waliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa aliongoza kikosi cha watafiti katika taasisi kubwa. Naye alikuwa ameomba fedha kwa hazina ile ile kuhusu swali lile lile.

"Niaje, Mwongeli! Sisi tumepewa milioni arobaini. Wewe je?"

"Laki mbili na nusu."

Osewe alicheka hadi akakohoa. "Hiyo ni ya chai na mandazi! Achana nayo, kuja nikuajiri kwangu."

"Asante, Osewe. Wacha nijaribu kwanza."

Alipokata simu alijiona mdogo kama punje ya wimbi. Alichukua karatasi akapiga hesabu. Fedha zile zingemnunulia chupa mia tatu za kupimia, zile ndogo zenye dawa ndani, ambazo maji yenye uchafu wa choo yakitiwa humo na kuachwa siku nzima hugeuka meusi. Chupa mia tatu, basi. Mwenye chupa elfu tatu angeweza kupima popote, wakati wowote, bila kuumiza kichwa. Mwenye mia tatu hakuwa na budi kufikiri kabla ya kufungua hata moja.

Kesho yake alimwendea Mercyline, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama Marion, hawa watoto huanza kuendesha siku gani?"

"Aki Mwalimu, hata wewe?" Macho ya Mercyline yalilengwalengwa na machozi.

"Sikulaumu, dada yangu. Nauliza siku tu."

Mercyline alijifuta mikono kwa leso, akafikiri. "Maji ikipotea, wako sawa. Ikirudi, kesho yake ndio utaskia huyu ana tumbo, yule ana tumbo."

Mwongeli aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Kisha akamwomba jambo moja: siku maji yatakaporudi, ampigie simu kabla ya kujaza mtungi wa kwanza.

Simu ilikuja Alhamisi saa nane mchana. Mwongeli, aliyekuwa likizoni, alitimka mbio na ndala mbili zisizofanana, chupa zikigongana mfukoni. Watoto walimshangilia njia nzima wakidhani anashindana na mtu. Alichukua maji ya kwanza kabisa, kisha akachukua mengine kila baada ya dakika tano mpaka saa nzima ikapita. Kesho yake zile chupa za mwanzo zilikuwa nyeusi kama masizi. Kuanzia ile ya nusu saa, maji yalikuwa maangavu. Alirudia kazi hiyo kila maji yalipopotea na kurudi, na matokeo hayakubadilika. Alipolifuata lile bomba aliona limelala ndani ya mtaro wa majitaka, limejaa nyufa. Lilipokuwa kavu lilifyonza uchafu, na maji yaliporudi yaliusukuma hadi kwenye mtungi wa aliyetangulia foleni.

"Kwa hivyo si mimi?" Mercyline aliuliza.

"Si wewe. Lakini utayaacha maji yatoke nusu saa kabla ya kuuza."

"Nusu saa! Mwalimu, hiyo ni mitungi arobaini. Nimwage unga ya Marion?"

Walivutana wee, hatimaye wakaelewana. Maji ya mwanzo yangetiwa kwenye mapipa yaliyopakwa rangi nyekundu, yauzwe kwa bei ya chini ya kusafishia vyoo tu.

Kawangware kulikuwa na Mzee Khamala, muuza maji mgumu kama gogo la mvule. "Hii maji nakunywa mwenyewe," alinguruma. "Leta hizo chupa zako tuone." Kesho yake chupa za maji yake ya mwanzo zilikuwa nyeusi. Jioni alionekana akipaka pipa lake rangi nyekundu, ndani na nje.

Baada ya miezi mitatu, muuguzi wa zahanati alifungua daftari lake. Watoto wa Mashimoni walioletwa kwa kuendesha walikuwa wamepungua kutoka sitini na mmoja kwa mwezi hadi kumi na tisa.

Siku ya kutoa matokeo ikawadia. Mwongeli alikwenda ukumbini pamoja na Mercyline, moyo ukimdunda, kwa maana alikuwa amesikia kwamba hazina ilifikiria kufuta ruzuku ndogo zote. Osewe alitangulia. Mashine yake ya kupimia ilikuwa imekwama bandarini miezi miwili, lakini baadaye alipima sampuli elfu nne, kila Jumanne saa nne asubuhi. Bomba lilipokuwa kavu, gari lake la utafiti lilirudi mjini bila kupima. Karibu sampuli zote zilikuwa safi.

Mwongeli alipanga chupa zake mezani, nyeusi upande huu na angavu upande ule, akaeleza kwa dakika kumi. Osewe akasimama polepole.

"Sisi tulipima maji ikiwa tayari imejisafisha," alisema. Halafu akacheka, safari hii akijicheka mwenyewe. "Milioni arobaini, na sikuwahi kumuuliza mama wa maji swali hata moja!"

Mwenyekiti wa hazina, Profesa Seline, alivua miwani. "Tumelinganisha miradi yetu yote ya miaka sita. Wingi wa fedha haukutuonyesha ni nani angefanya kazi bora zaidi. Ruzuku ndogo hazifutwi. Tunaziongeza. Mwongeli, mwakani unataka nini?"

"Chupa mia sita, na Osewe atuazime mashine yake ituambie hivyo vijidudu ni vipi."

"Mashine, gari, na mimi mwenyewe!" Osewe aliitikia, na watu wakaangua kicheko.

Mercyline hakuweza kujizuia tena. Alipiga vigelegele vilivyotikisa madirisha ya ukumbi. Jumamosi alichinja kuku wawili, kwani, kama alivyosema, mtu wa magharibi mwa Kenya kama yeye, kunakopendwa kuku, hawezi kusherehekea kwa dengu. Foleni ya mitungi kibandani pake ilikuwa ndefu kuliko zamani, na waliomkwepa walikuja na soni kidogo, wakapewa paja la kuku na mzaha wa bure. Mwongeli alicheza mpaka ndala ikamkatika, akaendelea kucheza pekupeku.

Ama kweli, usione wembamba wa reli, garimoshi hupita.